Nukta Isitangulie Mizani

Muhula uliopita niliketi nyuma ya darasa la gredi ya 5 katika shule moja ya msingi mjini Kisumu, dawati la mwisho karibu na dirisha. Mwalimu aliandika ubaoni 6.4 − 2.15, akawapa watoto dakika tano. Walikuwa watoto hamsini na wanane na hapakuwa na kelele. Msichana aliyeketi mbele yangu alipiga mstari kwa rula, akapanga nukta chini ya nukta kama alivyofundishwa, 6.4 juu, 2.15 chini. Kisha akasita. Juu ya ile 5 hapakuwa na kitu. Alikitazama kile kisanduku kitupu, akamtazama jirani yake, halafu akaishusha 5 kama ilivyo. Nne toa moja, tatu. Sita toa mbili, nne. Akapigia mstari jibu lake: 4.35.

Nilipopita kati ya madawati niliikuta 4.35 kwenye madaftari mengi. Mvulana mmoja alikuwa na 1.51. Ilinichukua muda kuelewa alikoipata: aliziona tarakimu tatu za 2.15 akadhani hiyo ndiyo namba kubwa, akafuta nukta kichwani, akatoa 64 kwenye 215, kisha akairudisha nukta mahali pake. Kutoa kwenyewe hakukosea hata kidogo.

Wakati wa mapumziko nilimwita yule msichana kando nikamwandikia 640 − 215 kwenye karatasi. Alinipa 425 kabla sijafunika kalamu. Nikamwonyesha 6.4 nikamwuliza, "Hii ni kitu gani?" Akajibu kwa adabu, "Ni desimali, mwalimu." Nikamwambia, "Nionyeshe kwa mikono ni kubwa kiasi gani." Akatabasamu, akanyamaza.

Nimefundisha hesabu miaka mingi, na ukimya ule naufahamu. Mtoto huyu anajua kutoa. Asichokijua ni namba anayoitoa. Kwake 6.4 ni alama mbili zenye kitone katikati, zimekaa ubaoni zikisubiri kanuni. Hajawahi kubeba kilo 6.4 za kitu chochote, hajapima mita 6.4 uwanjani. Kwa hiyo anapokuta kisanduku kitupu hana pa kuuliza isipokuwa kwenye kanuni yenyewe, na kanuni haikusema lolote kuhusu visanduku vitupu.

Ndiyo maana nasema tumeipanga kazi hii kinyume. Tunaanza na nukta, tunafuatisha kanuni ya kuipanga, tunatoa mazoezi ishirini, na mwishoni kabisa, muda ukibaki, tunaleta swali la maneno lenye kilo na lita. Mizani ingetangulia, nukta ingefuata, na mtoto angeipokea kama jina la kitu alichokwisha kukishika.

Siipingi kanuni ya nukta chini ya nukta. Ni sahihi na mtoto ataihitaji maisha yake yote. Lakini mpe mtoto aliyepewa kanuni hiyo peke yake 5 − 1.35 uone. Tano haina nukta. Ataipanga chini ya nini? Wengi huiweka 5 juu ya ile 5 ya mwisho, kwa sababu zinafanana na kwa sababu namba nzima zote alizowahi kuzitoa zilipangwa kuanzia kulia. Tano toa tano, sifuri, 1.3 inashuka, jibu 1.30. Ukimwuliza kama inawezekana uwe na lita tano za maziwa, umwage moja na kitu, ubaki na moja na kitu, atashtuka mwenyewe. Swali la namna hiyo lingekuja kwanza, kosa lenyewe lisingezaliwa.

Jumamosi moja nilikwenda Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, na wapwa zangu wawili, mmoja wa gredi ya 4, mwingine wa gredi ya 6. Nilitaka samaki, lakini nilitaka pia waione mizani. Mama tuliyemzoea alimweka samaki aina ya mbuta kwenye mizani yake ya kidijitali, ikasoma 3.40. Akampara magamba, akampasua, akatoa matumbo, akakata mapezi, akamsuuza na kumrudisha. Mizani ikasoma 2.95.

"Mjomba, amepungua ngapi?" akauliza yule mdogo.

Kaka yake alikuwa amekwisha kuinama, anaandika kwa kidole juu ya ubao wenye unyevu. Tisa haitoki kwenye nne, kwa hiyo akageuza, nne ikatoka kwenye tisa. Akapata 1.55. Mdogo wake alimtazama samaki, akamtazama kaka, akasema, "Kilo moja na nusu? Mbona bado ni mkubwa hivi?" Hajafundishwa kutoa desimali. Aliona kwa macho kwamba rundo dogo la magamba na matumbo lililobaki mezani halingeweza kuwa karibu nusu ya samaki.

Yule mama hakuandika popote. "Kutoka mbili tisini na tano kufika tatu, ni tano," akasema huku akifunga samaki kwenye gazeti. "Tatu kufika tatu arobaini, ni arobaini. Takataka zimekula arobaini na tano."

Katika dakika ile moja kulikuwa na somo zima la wiki, na ningependa nilifungue polepole.

Kwanza, ile sifuri. Mizani iliandika 3.40, haikuandika 3.4. Mpwa wangu mdogo aliuliza kwa nini inaweka sifuri isiyo na kazi. Nikamwambia aangalie samaki mwingine anapowekwa, na mwingine, na mwingine: 1.85, 2.10, 0.95. Mizani huacha nafasi mbili kila mara, iwe kuna kitu au hakuna. Baada ya samaki watano alikuwa amejieleza mwenyewe kwamba ile sifuri inasema "hapa pamepimwa, hakuna kitu". Hicho ndicho kisanduku kitupu kilichomshinda msichana wa gredi ya 5. Mtoto aliyeona mizani ikiandika 3.40 hahitaji kukaririshwa "ongeza sifuri mwishoni". Anajua kwamba ilikuwepo tangu mwanzo.

Pili, namna mama yule alivyohesabu. Hakutoa, alipanda. Alianzia kwenye kidogo akasonga hadi kwenye kikubwa, akikusanya hatua. Wenye maduka wengi wa mtaa wa Kondele hurudisha chenji hivyo, na makanga wa matatu vilevile: nauli themanini, umempa mia mbili, anahesabu mkononi mwako ishirini, kisha mia. Watoto wetu wameona jambo hili mamia ya mara kabla ya kufika gredi ya 5. Hata hivyo darasani tunawaambia kutoa ni kuanzia kulia, kushuka, basi. Kwa 3.40 − 2.95 njia ya kupanda ni fupi na haina pa kujikwaa. Kwa 8.76 − 2.31 kushuka kwa safu ni kwepesi zaidi. Mtoto apewe njia zote mbili na aachiwe kuchagua, kwa sababu anayeangalia namba kabla ya kuchagua njia tayari anazifikiria.

Tatu, usomaji. Mama alisema "tatu arobaini". Walimu wengi, nami nikiwamo, tumewakataza watoto kusoma hivyo. Tunataka "tatu nukta nne sifuri". Tuna sababu: mtoto anayesoma 0.35 kama "nukta thelathini na tano" na 0.4 kama "nukta nne" ataamini kwamba 0.35 ni kubwa, maana thelathini na tano inaizidi nne. Lakini mama wa Dunga hakosei, kwa kuwa mizani yake daima ina nafasi mbili. Anazungumza kwa mafungu ya mia, yaani vipande vya kilo iliyogawanywa mara mia, yote ya ukubwa mmoja. Hatari iko kwenye kitabu, ambako namba yenye tarakimu moja baada ya nukta huwekwa kando ya yenye mbili au tatu. Kwa hiyo nisingewakataza watoto kusoma kama sokoni. Ningewafundisha kwanza kuzifanya namba zote ziwe na nafasi sawa, 0.40 na 0.35, kisha wasome watakavyo.

Hapa naingia kwenye jambo linalonigusa zaidi, nalo ni maneno.

Chini ya mtaala wa umilisi (CBC), ulioanza kote nchini Januari 2019, desimali huingia mtoto anapofika gredi za juu za msingi. Ni wakati uleule ambapo Kiingereza kinachukua nafasi ya lugha aliyokuwa akifundishiwa. Mtoto wa kijijini Seme au Nyakach alijifunza kuhesabu kwa Dholuo, wa mtaa wa Nyalenda mjini pengine kwa Kiswahili, na ghafla anakutana na vitu viwili vigeni siku moja: namba mpya na lugha mpya ya kuzisemea. Sipiganii kubadilisha sera ya lugha katika makala haya. Ninachosema ni kwamba mwalimu anayetumia dakika kumi kuieleza sehemu ya kumi kwa lugha ya sokoni hajapoteza dakika kumi.

Na Kiswahili kina mali hapa. Watu wa Kisumu, Kakamega na Vihiga wanaokwenda kanisani, watoto kwa wakubwa, wanajua fungu la kumi. Mama akipata shilingi 850, fungu la kumi ni 85. Mtoto aliyekaa kwenye benchi Jumapili na sarafu mkononi tayari ana wazo kwamba kitu kizima kinaweza kugawanywa mafungu kumi yaliyo sawa na fungu moja likatengwa. Mwalimu anaposema "sehemu ya kumi", neno hilo linaweza kumchanganya mtoto, kwa kuwa kwa sarufi yetu sehemu ya kumi ni pia ile inayokuja baada ya ya tisa. Nimemwona mtoto aliyeambiwa apake rangi sehemu ya kumi ya mstari akahesabu visanduku tisa, akaviruka, akapaka cha mwisho. Jibu lake lilionekana sahihi, na mawazo yake yalikuwa kando kabisa. "Sehemu moja ya kumi" ni salama zaidi. "Fungu la kumi" lina faida kwamba mtoto analo tayari nyumbani. Ligawe fungu hilo tena mara kumi, upate fungu la mia.

Neno ambalo ningelistaafisha ni "kukopa". Tunawaambia watoto: nne haitoshi, nenda kwa jirani ukakope. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, na tutalipa lini?" Swali lake lilikuwa la haki. Katika kutoa hakuna mkopo wala malipo. Kinachotokea ni kile kinachotokea ukiwa na noti ya shilingi mia na unataka kulipa thelathini: unaivunja. Noti ya mia inakuwa sarafu kumi za kumi kumi. Thamani haijaongezeka wala kupungua, ila sasa unaweza kutoa tatu. Watoto wanasikia kila siku dukani, "Nivunjie hii." Basi katika 6.4 − 2.15, mafungu ya kumi ni manne, mafungu ya mia hakuna, nawe unatakiwa kutoa matano. Vunja fungu moja la kumi, upate mafungu kumi ya mia. Yamebaki matatu ya kumi na kumi ya mia. Toa matano, yanabaki matano. Toa moja kwenye matatu, yanabaki mawili. Sita toa mbili, nne. Jibu ni 4.25. Mtoto anayevunja anajua kwa nini nne imekuwa tatu. Mtoto anayekopa anajua tu kwamba ameambiwa aikate kwa kalamu.

Kuna wanaoniambia: basi tumia fedha, shilingi na senti, ni desimali zilizo tayari. Zamani ningekubali bila kufikiri. Mimi nimekua nikiijua peni, senti kumi, na sumuni, senti hamsini, na nilitumwa dukani kwa sarafu hizo. Lakini mtoto wa leo mjini Kisumu hajawahi kushika senti. Sarafu mpya zilizotolewa Desemba 2018 ni za shilingi 1, 5, 10 na 20. Kitabu kinapomwambia kalamu ni shilingi 45.50, kinamzungumzia habari ya kale. Desimali pekee anazoziona kwenye fedha ni zile za ujumbe wa M-Pesa kwenye simu ya mama, na hizo mara nyingi huishia nukta sifuri sifuri. Anajifunza kutoka kwazo kwamba baada ya nukta hakuna cha maana, na hilo ndilo hasa tusilotaka ajifunze.

Fedha zinafaa mahali pamoja, nalo ni mafuta. Kila tarehe 14 ya mwezi mamlaka ya kawi na petroli hutangaza bei mpya, nazo huandikwa hadi nafasi mbili za desimali, na vituo vyetu huzibandika barabarani kwa tarakimu kubwa. Oktoba 2024 petroli jijini Nairobi ilishuka kutoka shilingi 188.84 kwa lita hadi 180.66. Hiyo ni 8.18. Watoto wanaotembea kwenda shule kupita kituo cha mafuta wanaweza kuinakili bei ya Kisumu, wakaitoa kwenye ya mwezi uliotangulia, kisha wakaulizwa dereva wa bodaboda anayeweka lita mbili ameokoa ngapi. Swali hilo lina mtu ndani yake, mara nyingi baba wa mtoto mwenyewe.

Lakini kabla ya mafuta, kabla ya mizani hata, ningeanza na nusu na robo. Hakuna mtoto asiyejua robo ya sukari. Muulize darasa lote kwa sauti: nusu kilo, ukitoa robo, inabaki nini? Watajibu kwa pamoja, "Robo!" Sasa andika ubaoni 0.5 − 0.25 uwaachie wafanye kwenye madaftari. Wale wa "shusha tano" watapata 0.35. Usiseme neno. Wakumbushe tu kwamba dukani robo huandikwa 0.25. Utaona vichwa vikiinama tena na vifutio vikitoka. Mtoto amepata pa kujisahihisha bila wewe, maana jibu alilijua kabla ya kulitafuta. Katika yote ninayoyapendekeza hapa, hili ndilo ninalolipenda zaidi, na halihitaji kifaa chochote.

Kisha kuna kifaa kilicho tayari kwenye mkoba wa mtoto. Daftari la hesabu lina visanduku. Chora mraba wa visanduku kumi kwa kumi: huo ni kitu kimoja kizima. Mstari mmoja wa visanduku kumi ni fungu la kumi. Kisanduku kimoja ni fungu la mia. Kwa 1.4 − 0.65 mtoto anapaka rangi mraba mzima na mistari minne ya mraba wa pili, kisha anakata kwa msalaba mistari sita na visanduku vitano. Atalazimika kuvunja mstari ili avikate vile vitano, na atalazimika kuuvamia mraba mzima. Anavunja kwa macho yake kabla hajavunja kwa namba. Vinabaki visanduku sabini na vitano. Mvulana wa 1.51 angefanya kazi hii mara tatu tu, nina hakika asingerudi kuamini kwamba 2.15 ni kubwa kuliko 6.4, kwa sababu angelazimika kuchora miraba sita kwa moja na miwili kwa nyingine.

Tukitoka kwenda uwanjani, magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa tuna utajiri ambao walimu wa nchi nyingine wangeutamani. Julius Yego ni mzaliwa wa Nandi, kaunti inayopakana na Kisumu. Mwaka 2015 mjini Beijing alirusha mkuki mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata, kwenye Olimpiki ya Rio, alipata medali ya fedha kwa mita 88.24, nyuma ya Mjerumani Thomas Röhler aliyefikisha 90.30. Alizidiwa kwa kiasi gani? 90.30 − 88.24 ni 2.06. Katika kila darasa nililowahi kulipa swali hili, wapo walioandika 2.6. Sikuwaambia wamekosea. Nilitoa futikamba, tukapima 2.06 kwenye sakafu kwa chaki, kisha 2.6 kando yake. Tofauti ni sentimita 54, zaidi ya nusu mita. Msichana mmoja alilala chini kati ya alama zile mbili kuona anafika wapi. Sifuri ile haikudharauliwa tena darasani humo.

Baada ya Yego, watoto wenyewe warushe. Mkuki wa karatasi iliyokunjwa au wa bua la mtama hauumizi mtu. Kila mmoja arushe mara mbili, apime, aandike, atoe ya pili kwenye ya kwanza au kinyume chake. Hapo ndipo 4.7 hukutana na 3.85 bila mwalimu kuzipanga, maana mmoja amesoma futikamba kwa desimita na mwingine kwa sentimita. Watagombana. Waache wagombane kidogo.

Ferdinand Omanyala, kijana wa magharibi, anatupa somo la upande mwingine, ambapo namba ndogo ndiyo bora. Tarehe 18 Septemba 2021 Kasarani alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Iliyotangulia ilikuwa 9.84 ya Akani Simbine wa Afrika Kusini. Tofauti ni 0.07. Lakini siku hiyo hakushinda: Mmarekani Trayvon Bromell alitumia 9.76. Sekunde 0.01 ni nini? Kwa kasi ile, ni kama sentimita kumi za barabara, urefu wa kiganja cha mtoto. Mwambie mtoto aweke kiganja mezani, umwambie: hii ndiyo iliyomtenganisha Omanyala na ushindi siku ile.

Kuna mtego mmoja hapa ambao mwalimu aupange kwa makusudi. Marehemu Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2:00:35. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Eliud Kipchoge, 2:01:09. Mtoto akizitoa kama desimali atapata 74. Ukweli ni sekunde 34, kwa kuwa dakika huvunjwa kwa sitini, wala si kwa mia. Swali hili liletwe baada ya desimali kukaa vizuri, na lijadiliwe kwa utulivu: kuvunja ni kulekule, ila kila kipimo kina namba yake ya kuvunjwa. Mtoto anayelijibu ameelewa kuvunja kwa kina ambacho mazoezi ishirini ya ubaoni hayangempa.

Historia iko upande wangu pia. Desimali hazikuanza na nukta. Al-Uqlidisi alizitumia Damascus katikati ya karne ya 10, na al-Kashi akaziendeleza kule Samarkand mwaka 1427. Ulaya zilienezwa na Simon Stevin wa Bruges, aliyetoa kijitabu mwaka 1585 kwa ajili ya wapima ardhi, wapima vitambaa, wapima mapipa ya divai na wafanyabiashara: watu wa vipimo, waliochoka kutoa sehemu zenye asili, yaani namba ya chini, tofauti. Stevin hakuandika nukta. Baada ya kila tarakimu aliweka namba ndogo ndani ya duara, kuonyesha hii ni nzima, hii ni ya kumi, hii ni ya mia. Kila tarakimu ilivaa jina lake. Nukta ilienea baadaye kama ufupisho kwa watu waliokwisha kujua inafupisha nini. Mtoto wa gredi ya 5 anastahili mwendo huohuo: wiki ya kwanza aandike 6 nzima, 4 za kumi, 0 za mia, kwa vichwa vya safu, na nukta impunguzie kazi akiwa ameshachoka kuandika vichwa.

Najua pingamizi, maana nimezisikia kwenye vyumba vya walimu. La kwanza ni muda. Tathmini ya gredi ya 6 inakuja, mada ni nyingi, na mwalimu mwenye watoto sitini hawezi kuwapeleka Dunga. Sitaki kumlaumu mwalimu huyo. Anabeba mzigo ambao ungewavunja wengi. Lakini asiende Dunga. Mizani moja ndogo ya jikoni, ikipita kutoka kundi hadi kundi huku wengine wakichora miraba, inatosha. Ndizi ipimwe kabla na baada ya kumenywa. Chupa ya maji ipimwe kabla na baada ya mtoto kunywa. Kule Nakuru, Molo na Njoro watoto wengi hupeleka maziwa kwa karani asubuhi kabla ya shule, na karani huwaandikia kilo zenye desimali: kitabu cha maziwa cha jana na cha leo ni somo tosha. Kwa wanaolima mahindi upande wa Trans Nzoia, ghala la nafaka hutaka unyevu usizidi asilimia 13.5, yakipimwa yakaonekana 15.2, yanahitaji kuanikwa yapoteze 1.7. Hakuna mzazi wa huko asiyejua uchungu wa namba hiyo.

La pili ni mtihani wenyewe. Maswali ya kuchagua jibu humpa mtoto 4.35, 1.51, 4.25 na jingine moja, na mwalimu huona tu herufi iliyozungushiwa. Ningemwomba afanye kinyume mara moja kwa wiki: awape watoto jibu la 4.35 na awaulize mtu aliyelipata alifikiri nini. Watoto hupenda kazi hii kuliko kutafuta jibu, kwa kuwa wanajikuta wao ndio walimu, na wengi hukutana na kosa lao wenyewe bila kuaibishwa mbele ya wenzao.

Niliirudia shule ile wiki tatu baadaye kwa ruhusa ya mwalimu, na mizani ya jikoni ndani ya mfuko. Tulipima viazi vitamu. Nilimkuta yule msichana kwenye kundi la dirishani. Kiazi chao kilikuwa 0.40 kabla ya kumenywa na 0.35 baada ya kumenywa. Mwenzake aliandika 0.4 − 0.35, akaanza kuishusha ile 5. Msichana akaushika mkono wake wenye kalamu, akaielekeza kwenye maganda yaliyokuwa mezani, akasema, "Hapana, angalia maganda. Ni kidogo tu. Vunja hii nne kwanza."